Sitini na Tatu Wanaongea

Jumatano, 15 Aprili

Waya,

Nakuandikia kwa sababu jana nilikupigia simu mara nne, na mara nne ukaniambia, "Dada, niko kwenye kikao." Barua haina kikao. Tena tangu mama afanyiwe upasuaji wa koo, nyumba yetu imekuwa nyumba ya kuandikiana vikaratasi, kwa hiyo mkono wangu umeshazoea.

Jana saa tatu asubuhi seva kuu ya kliniki ilianza kukoroma. Baada ya robo saa ikanyamaza. Nikafuata ile karatasi uliyoibandika ukutani wewe mwenyewe: zima, subiri, washa. Haikuwaka. Diski yake imekufa. Sikubabaika, maana si ndiyo kazi ya seva ya bakapu? Mwenzake akifa, yeye ana nakala ya kila kitu. Nikaifungua. Sauti za wagonjwa sitini na wanne zimo, majina yote yamo, tarehe zote zimo. Nikaanza kuzisikiliza moja moja. Dereva wa lori akaongea. Bibi wa duka la vitambaa akaongea, na kile kicheko chake. Yule fundi viatu mwenye kigugumizi akaongea. Sitini na tatu wanaongea.

Wa sitini na nne ni mama. Jina lipo, tarehe ipo, ndani hakuna. Pale panapoandikwa ukubwa wa faili pameandikwa sifuri.

Nakukumbusha, kwa sababu naona hata njia ya nyumbani umeisahau. Mama alikaa kwenye kile chumba cha kurekodi siku tatu, tarehe 10 hadi 12 Machi, akasoma sentensi mia tisa, koo linawaka moto, kila sentensi ya tano anakunywa maji. Alifanya hivyo ili kifaa chake cha kuongelea kikija kiongee kwa sauti yake, si kwa sauti ya mtu asiyejulikana. Tarehe 17 wakamtoa hiyo sauti. Kifaa kinakuja tarehe 30 mwezi huu. Kadi ya kinasa sauti nilishaifuta baada ya siku saba, kama kanuni ya siri za wagonjwa inavyotaka. Baada ya mama hakurekodi mtu mwingine, kwa sababu dari la chumba lilianza kuvuja wakakifunga.

Sasa niambie, tarehe 5 Machi ulifanya nini? Ulisasisha mfumo wa seva yetu ya bakapu, kutoka huko makao makuu, umekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka. Wote waliorekodi kabla ya siku hiyo wapo. Aliyerekodi baada ya siku hiyo hayupo. Mimi si fundi, lakini kuhesabu siku najua.

Mama bado hajui. Sitaki maelezo, Waya. Nataka sauti ya mama yangu.

Dada yako


Alhamisi, 16 Aprili

Kwa Msimamizi wa Kumbukumbu,
Kliniki ya Koo na Sauti

Taarifa yako ya jana imepokelewa. Ni kweli kwamba hitilafu imejitokeza katika seva ya bakapu ya kituo chako, na idara inasikitika kwa usumbufu huo.

Hata hivyo si sahihi kuihusisha moja kwa moja na kusasishwa kwa mfumo. Kazi hiyo ilifanyika katika kliniki tisa, na nane hazijaleta malalamiko yoyote. Aidha, programu ya bakapu kwenye kituo chako imekuwa ikituma ripoti kila siku jioni tangu tarehe hiyo, na ripoti zote zinasomeka: "Imekamilika. Makosa: hakuna."

Naomba ufanye yafuatayo. Zima seva ya bakapu, iache dakika kumi, uiwashe. Kisha fungua mipangilio ya usalama, utafute orodha ya programu zenye ruhusa ya kusoma mafolda, na unieleze kama programu ya bakapu imo. Diski iliyokufa ifunge vizuri kwa sponji uitume kwa wale wataalamu wa kufufua diski. Anwani nimeiweka chini. Usiiwashe tena, utaiumiza zaidi.

Mwisho, naomba picha za daftari la Jumatatu kuanzia mwezi Machi. Kama ujuavyo, utaratibu unamtaka msimamizi arejeshe kutoka bakapu faili jipya kuliko yote, alisikilize, kisha aandike kwa mkono sentensi mojawapo aliyoisikia na namba yake. Daftari hilo litatusaidia kujua hitilafu ilianza lini.

Fundi Mwandamizi wa Mifumo,
Makao Makuu


Ijumaa, 17 Aprili

Bwana Fundi Mwandamizi,

Hata shikamoo hakuna? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka shule, nikakupangusa kamasi kwa sketi yangu, leo naitwa "kituo chako"? Idara inasikitika. Idara ni nani? Ina mama hiyo idara?

Haya, kazi. Nimezima, nimesubiri dakika kumi, nimewasha. Nimeingia kwenye mipangilio ya usalama. Ile programu ya bakapu imo kwenye orodha, lakini kitufe chake kimezimwa, na pembeni pameandikwa kwamba haina ruhusa ya kusoma folda ya sauti. Mimi sijawahi kugusa ukurasa huo tangu nizaliwe. Nikakiwasha. Nikajaribu na faili la uongo, nikajirekodi nikisema moja mbili tatu, nikanakili, nikarejesha, nikasikiliza. Linaongea. Kwa hiyo sasa bakapu ni nzima kabisa, bwana fundi, mlango umefungwa vizuri na ng'ombe hayumo.

Mimi nimeelewa hivi, nisahihishe kama nimekosea. Mfumo ulipobadilishwa, uliinyang'anya programu ruhusa. Ikawa kila jioni inafika mlangoni pa folda, inasoma majina, inayaandika, lakini ndani haiingii. Wale wa zamani walikuwa wameshanakiliwa, haikuwagusa. Mama alikuja na jina jipya, ikaandika jina lake ikaondoka. Halafu ikakutumia ripoti kwamba imekamilika, nawe ukaiamini, kwa sababu ni rahisi kuamini ripoti kuliko kupanda basi.

Maana ulisema utakuja, Waya. Ulisema tarehe 5 utakuja mwenyewe, usasishe seva kwa mkono wako, ukae wiki nzima, umsindikize mama kwenye chumba cha kurekodi. Mama alikutandikia kitanda. Alifua lile shuka la bluu. Tarehe 4 jioni ukatuma ujumbe wa maneno saba, nimeyahesabu: "Kazi zimenibana, nitaifanya kutoka huku huku tu." Ungekuwa umesimama mbele ya hiyo mashine ungefungua faili moja kwa mkono, kama karatasi yako ya ukutani inavyosema. Ungeona.

Diski nimeituma leo. Daftari nalipeleka nyumbani, nitapiga picha kesho, hapa ofisini leo kuna wagonjwa mpaka kwenye ngazi. Ila sijui unalitakia nini. Nyani haoni kundule.

Mama aliniuliza jana kwenye kikaratasi mbona nimenuna. Nikamwambia kichwa kinauma.

Dada yako, na utaniita hivyo


Jumatatu, 20 Aprili

Shikamoo Dada,

Umeelewa sawasawa, sina cha kusahihisha. Mfumo mpya huzinyang'anya programu ruhusa mpaka mtu azirudishe kwa mkono. Nilipaswa kuirudisha na sikuirudisha. Kosa hilo ni langu, nimelisema, na ukitaka nitalipigia mhuri.

Wale wataalamu wameipokea diski. Wanasema watajibu Alhamisi.

Sasa na mimi nina swali, na usiniruke. Picha za daftari nimezipata. Jumatatu ya tarehe 9 Machi umeandika sentensi ya 77, ya yule fundi viatu, na hata umeandika kwamba alirudia neno mara mbili. Safi. Nimesikiliza hilo faili na kweli alirudia. Jumatatu ya tarehe 16 Machi, faili jipya kuliko yote lilikuwa la mama. Umeandika, kwa mwandiko wako, na sahihi yako: "Sentensi ya 412. Tafadhali naomba unifungulie dirisha kwa sababu ninasikia joto. Sauti ni safi."

Dada, faili lile halijawahi kuwa na kitu. Si kwamba lilifutika baadaye. Lilikuwa tupu tangu dakika ya kwanza lilipofika kwenye bakapu, jioni ya tarehe 12. Hiyo sauti safi uliisikia wapi?

Na kuna jambo la pili. Pembeni ya mstari huo kuna maandishi madogo ya penseli, na si mwandiko wako. Yamekata sentensi yote kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula, halafu yameandika: "Sikusema hivi." Mimi nimelelewa na mkono huo. Mkono huo ulisahihisha makosa ya watu miaka thelathini kwenye kiwanda cha uchapaji, na ulisahihisha mpaka barua zangu za mapenzi. Ulipiga picha daftari bila kulitazama, au ulinitumia makusudi?

Umenitukana kwa wiki nzima. Umenihesabia maneno ya ujumbe. Nilikaa kimya kwa sababu nilijiona mwenye hatia peke yangu. Tarehe 16 mama alikuwa bado anaongea, Dada. Alipasuliwa tarehe 17. Ungesikiliza siku hiyo ungekuta ukimya, ungenipigia, na ningenakili upya kutoka seva kuu iliyokuwa bado nzima, au hata mama angerudishwa kwenye kiti akarekodi sentensi mia mbili. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho kabisa ya sauti yake.

Jibu.

Waya


Jumatatu, 20 Aprili, mchana

Waya,

Nimesoma. Nitakujibu nitakapoweza kugusa kibodi bila kuivunja.

D.


Jumanne, 21 Aprili

Waya,

Sikusikiliza.

Tarehe 16 nilikuwa na saa moja tu ofisini. Saa nne nilitakiwa niwe nyumbani nimchukue mama nimpeleke hospitali kulazwa, na kurejesha faili kubwa kama lile kunachukua dakika arobaini na zaidi. Nikatazama ripoti, inasema imekamilika. Nikachukua karatasi ya sentensi mia tisa, ile ile wanayosoma wagonjwa wote, nikachagua namba iliyo katikati ili isionekane kama nimechagua ya kwanza kwa uvivu. Nikaandika 412. Nikaandika "Sauti ni safi." Nilijua itakuwa safi, ni sauti ya mama yangu, nani ataniambia haiko safi? Nikapiga sahihi nikakimbia.

Sikujua kwamba mama hakuwa anasoma kilichoandikwa. Leo nimemuuliza mtaalamu wa sauti, yule aliyekaa naye siku zote tatu. Amecheka. Anasema mama aliingia na penseli, akakata nusu ya sentensi zetu, akasema hawezi kufa akiwa anaongea kama tangazo la benki. Ile ya 412 alisema haombi dirisha kwenye nyumba yake mwenyewe. Alisoma, "Fungua dirisha hilo." Karatasi yenye masahihisho mtaalamu aliitupa, alidhani sauti inatosha. Kila aliyefika kwenye jambo hili aliliharibu kidogo.

Usidhani nimemaliza kukiri. Jumatatu iliyofuata, tarehe 23, nilikuwa na muda. Nilifunga mlango, nikaweka vipokea sauti masikioni, nikaweka kidole juu ya kitufe. Wakati huo mama yuko wodini na mpira shingoni, anapumua kama mtu anayefuta ubao. Nikashindwa kubonyeza. Niliogopa kumsikia. Nikaandika sentensi nyingine kutoka kwenye karatasi. Na tarehe 30 hivyo hivyo. Na tarehe 6, na tarehe 13. Jumatatu tano nimeandika uongo kwenye daftari ambalo mimi mwenyewe nawakaripia watu wakilishika na mikono michafu. Huku ofisini wananiita Bi Kanuni. Haya, cheka.

Sasa umemaliza kucheka, ni zamu yangu. Nilipokuwa kwenye mipangilio ile Ijumaa niliona ukurasa mwingine, unaitwa Maonyo. Nimekaa nao siku nne nikijiambia nisiuseme. Ukurasa unaonyesha kwamba tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi, seva yetu ilipiga kelele: ruhusa imekataliwa, folda ya sauti haisomeki. Ilikutumia wewe. Ikapiga tena saa tano. Chini yake pameandikwa: "Maonyo yamezimwa kwa siku 60." Na jina la aliyezima.

Kwa hiyo ripoti ya "Makosa: hakuna" ulikuwa unaniletea ukijua kwamba makosa yenyewe umeyaziba mdomo. Siku nne kabla mama hajakaa kwenye kile kiti, Waya. Mimi nilidanganya kwenye daftari kwa sababu ya woga. Wewe uliambiwa na mashine, kwa herufi nyekundu, ukaizima kama mtu anavyomfunika kuku tenga. Halafu ukaniandikia "hitilafu imejitokeza." Ukaniomba daftari. Ulikuwa unatafuta mtu wa kuanguka naye.

Nimekasirika mpaka meno yanauma. Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi, na nimekasirika kwamba nikirudi nyumbani nitamkuta amekaa anasubiri tarehe 30, ameshaandika orodha ya watu atakaowapigia simu.

Dada yako


Alhamisi, 23 Aprili

Dada,

Wataalamu wa diski wamejibu. Wanasema sindano ya ndani iliangukia bamba ikalichubua duara zima, vumbi tupu. Hakuna kitakachotoka. Niliwauliza mara tatu, mara ya tatu wakanikatia simu.

Maonyo niliyazima mimi. Asubuhi hiyo kliniki zote tisa zilikuwa zinapiga kelele kwa pamoja, maonyo mia nne na zaidi kwenye kioo, mengi hayana maana, ni kawaida baada ya kubadilisha mfumo. Nikazima yote ili nifanye kazi, nikipanga kupitia moja moja mchana. Mchana ukaja na mengine. Ni kweli niliona maneno "folda ya sauti." Niliyaona. Nikasema moyoni, hiyo ni kliniki ya Dada, Dada hukagua kila Jumatatu, kukiwa na kitu atanipigia. Nilikuegemea wewe, na wewe ulikuwa umeegemea ripoti yangu. Tumeegemeana wawili juu ya hewa.

Na kuhusu kuja. Kazi hazikuwa zimenibana. Nilikuwa na tiketi, begi lilikuwa mlangoni. Nilishindwa kuja kumsikia mama akisoma sentensi kwa ajili ya siku ambayo hataongea. Mara ya mwisho alinipigia tarehe 15 Machi, nikaishika simu mkononi, nikaiacha iite mpaka ikakatika. Sasa unajua. Sina cha kujitetea hapo na usinitafutie.

Lakini sitakubali unitwike mzigo wote. Ulikuwa na Jumatatu tano za kumwokoa, na ya kwanza ukaandika "Sauti ni safi." Kila nikifumba macho naona hayo maneno matatu, nataka kuvunja kitu. Najua na wewe ukifumba macho unaona maonyo yangu. Basi.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie mama. Mtengenezaji wa kifaa ana sauti za kike kumi na mbili tayari, tuchague iliyo karibu na yake, tumwambie teknolojia ndiyo imeibadilisha kidogo. Ni mgonjwa, tusimwongezee. Nitakuja tarehe 30 nisimame naye.

Waya


Jumamosi, 25 Aprili

Wanangu wawili,

Dada wa kumbukumbu, mtunza siri za wagonjwa, ameacha barua pepe yake wazi kwenye kompyuta ya sebuleni tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Nimesoma zote. Mmeandikiana barua saba kuhusu sauti yangu. Hakuna hata moja mliyoniandikia mimi.

Nilianza kujua Ijumaa ile nilipoona daftari mezani. Niliposoma hiyo 412 nikajua, Dada, hujanisikiliza, kwa sababu mimi sijawahi kuongea hivyo na hutasema hunijui. Nikaandika pembeni nikidhani utaona, utakuja, utakaa mbele yangu useme. Ukapiga picha ukarudisha daftari kwenye mkoba. Siku nane nimekusubiri useme. Unaniambia kichwa kinauma. Nakupikia uji wa kichwa kinachouma huku najua.

Na wewe, Kitinda mimba. Simu ya tarehe 15 nilipiga nikitaka kukuambia jambo, nalo halikuwa kubwa. Nilitaka tu uwe wa mwisho kuongea nami, kwa sababu dada yako alikuwepo na wewe hukuwepo. Iliita mpaka ikakatika, nikadhani uko kazini, nikakutetea kwa watu. Leo nasoma kwamba ulikuwa umeishika mkononi. Sijui nitaiweka wapi hiyo. Bado natafuta mahali.

Barua zenu nimezichapisha kwenye karatasi nikazisahihisha, siwezi kuacha. "Hitilafu imejitokeza." Waya, hitilafu haijitokezi, huletwa na mtu, na mtu ana jina. Nimekata. "Usumbufu." Nimekata. "Ni mgonjwa, tusimwongezee." Hapo nilikata mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nimeondolewa sauti, sijaondolewa akili. Mlikuwa tayari kunivalisha sauti ya mwanamke nisiyemjua mniambie ni yangu imebadilika kidogo. Nimeishi na sauti hiyo miaka sitini na minane, nilifikiri ndiyo kitu pekee ambacho hakuna atakayenidanganya.

Nimelia, ndiyo. Nililia Jumamosi iliyopita nikiwa peke yangu, bila mlio, ni kazi ngumu kuliko mnavyofikiri. Halafu nikachoka kulia nikabaki na hasira. Hasira inafaa zaidi, inamtoa mtu kitandani. Jumatatu nilichukua karatasi na kalamu nikaenda kwa mtaalamu wa sauti mwenyewe. Nilimwandikia, nikamkataza kuwaambia, akanijibu kwa mdomo. Dari limezibwa, chumba kinafunguliwa keshokutwa, saa mbili asubuhi.

Dada, wewe ndiye utakayekaa kwenye kile kiti. Kabla sijaugua, watu walikuwa wakipiga simu nyumbani wanakusalimia wewe wakidhani ni mimi, wanakueleza mambo yao yote mpaka unaona haya kuwakatisha. Sauti hiyo umeitoa kwangu, sasa nirudishie. Utasoma sentensi mia tisa kwa siku tatu. Si zile za kliniki. Nimeziandika upya zote, nimemaliza jana, ziko kwenye droo ya juu. Waya, utapanda basi leo. Utakaa nyuma ya kioo na lile daftari. Kila sentensi ikinakiliwa utairejesha, utaisikiliza mpaka mwisho, utaiandika kwa mkono, nami nitakaa kati yenu na penseli. Yeyote atakayeandika "Sauti ni safi" bila kusikia nitamtoa nje.

Mtazikuta humo sentensi ambazo hamtazipenda. Kuna "Usinifichie." Kuna "Umechelewa tena, na usiniambie kikao." Kuna "Mimi ndiye mama hapa." Kuna "Waya, pokea simu," hiyo nataka isomwe mara tatu, kwa sauti tatu tofauti. Dada, utajigombeza mwenyewe kwa kinywa chako siku tatu, na mimi nitayatumia maneno hayo miaka yote iliyobaki, kila nikibonyeza utajisikia ukijikaripia. Sikuona adhabu nyingine inayotosha, na sikuona zawadi nyingine ya kukuomba.

Sentensi ya mia tisa ni fupi, nayo nitaitumia kila siku: "Sijawasamehe bado. Kaeni tule." Isome kama ilivyoandikwa, kwa hasira, usiilainishe. Ukilia katikati, anza upya. Sitaki kilio chako kinywani mwangu.

Mama yenu